Mwamshaji Majitu

Mtaani walimwita Kasuku, na aliyembandika jina hilo hakumwonea. Kabla ya kuingia karakana alikuwa kinyozi kwa miaka ishirini na miwili, na mdomo wake ulikuwa ukifanya kazi kuliko mkasi. Alikunyoa huku akikusimulia kesi ya jirani, bei ya bati, ndoto aliyoota juzi, na ukishuka kwenye kiti umesahau hata ulitaka mtindo gani. Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Kinyozi anayetetemeka ni sawa na mganga anayekohoa, wateja humkimbia. Walipungua mmoja mmoja kwa adabu, na wa mwisho kubaki alikuwa Fundi Mkuu wa karakana ya majitu, mtu ambaye kichwani hakuwa na nywele za kutosha kuhofia.

"Mikono yako imekwisha," Fundi Mkuu alimwambia siku moja, akijifuta shingo. "Lakini huo mdomo haujapata hata mkwaruzo. Njoo karakana, tunatafuta mwamshaji."

Mji wao ulikuwa chini ya vilima, na vilimani kulikaa majitu ya asili. Msimu wa mvua yalishuka kutafuta chumvi, na jitu likitafuta chumvi haliulizi ukuta ni wa nani. Bunduki hazikuyafaa kitu. Jitu huliheshimu jitu mwenzake tu. Ndiyo maana kila mtaa uliweka langoni jitu la kuundwa, refu kama nyumba ya ghorofa moja, linalosimama usiku na mchana na kusema maneno yake mawili: "Nani?" na "Pita."

Kuunda jitu si uchawi, ingawa watoto waliamini hivyo. Mafundi seremala walichonga mifupa kwa mbao ngumu na kuiunga kwa vyuma. Kano zilikuwa kamba za katani zilizochovywa kwenye nta. Nyama ilikuwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa na manyoya ya mbuzi usije ukapasuka. Juu yake Mshonaji, mwanamke mfupi mwenye vidole vilivyojaa sugu, alivalisha ngozi za ng'ombe, mshono juu ya mshono, kisha akazipaka mafuta mpaka ziteleze. Mwisho kabisa kifua kilifunguliwa kama kabati, na ndani yake kikawekwa kiini: jiwe la rangi ya asali, kubwa kama ngumi, ambalo waokotaji waliliokota vilimani mahali jitu la asili lilipofia.

Lakini kiini peke yake hakikutosha. Kililala. Ili kiamke, mtu mmoja, sauti moja, alipaswa kukaa na jitu chumbani na kulisemesha kila siku, kwa siku arobaini hivi. Jitu lisilosemeshwa halikufumbua macho, na lililosemeshwa na sauti mbili liliamka limechanganyikiwa likabomoa mlango. Basi hiyo ndiyo ikawa kazi ya Kasuku. Alipewa kiti, birika la maji, na chumba chenye kuta nene ambamo hata simu haikuruhusiwa. Kila asubuhi aliingia, akafunga mlango, akaanza.

"Usiliambie siri," Fundi Mkuu alimwonya siku ya kwanza. "Liambie hali ya hewa, hadithi, majina ya vitu. Siku litakapochakaa na kulazwa tena usingizi, kila lilichoambiwa litakimwaga chote, mbele ya aliyepo."

"Mimi siri nitoe wapi?" Kasuku alicheka. "Siri haikai kwangu hata dakika mbili."

Sharti la pili hakulicheka. Jitu likishaamka, sauti iliyoliamsha hulivuta. Likiisikia mahali popote, litaacha lango na kuifuata, kama ndama anavyomfuata mama yake. Kwa hiyo mwamshaji hapaswi kusema karibu na jitu aliloliamsha, mpaka siku litakapolazwa.

Mwaka wa kwanza halikuwa jambo gumu. Jitu la kwanza lilikwenda kwenye soko la nafaka, na Kasuku alipopita hapo alifunga mdomo tu. La pili lilipelekwa kituo cha mabasi. La tatu, kwa bahati ambayo mpaka leo hakujua aiite njema au mbaya, lilinunuliwa na mtaa wake mwenyewe, likasimamishwa langoni, nyumba sita tu kutoka kwake.

Yakaongezeka. Kufikia mwaka wa kumi na moja yalikuwa kumi na manne: hospitalini, darajani, kwenye kinu, kwenye shule mbili. Mji mzima ukawa na masikio ya kumjua Kasuku. Dukani alinyooshea kidole anachotaka. Msibani alitoa pole kwa kushika mikono. Watu waliohamia karibuni walidhani ni bubu, na mama mmoja alikuwa akimwongelea kwa ishara na kwa sauti kubwa sana, kama vile ububu ni ugonjwa wa masikio. Karakanani aliongea saa nane mfululizo na kiumbe kisichojibu, kisha akatoka, akaufunga mdomo kama mtu anavyofunga duka, akaenda nyumbani.

Nyumbani alinong'ona. Alijifunza hilo kwa shida. Siku moja birika lilimwagikia mguu wake naye akapiga ukelele. Kabla hajauinua mguu, dirisha liliingia giza. Jitu la tatu lilikuwa limekuja. Lilisimama hapo nje, ngozi yake ikinuka mvua, likimtazama kwa macho yake ya kioo, bila kufanya lolote. Huko langoni, jitu la asili lilipita bila kuulizwa, likaangusha tangi la maji la mtaa. Viongozi wa mtaa walimwita, wakamkalisha kikao. Hakuweza hata kujitetea, kwa sababu kikao kilifanyika hatua thelathini kutoka langoni.

Tangu hapo alinong'ona hata akiwa peke yake, na alikuwa peke yake siku zote.

Mkewe alikuwa amefariki kipindi kilekile alipokuwa akiliamsha jitu la tatu. Hapo ndipo Kasuku alipovunja sharti la siri.

Ugonjwa ulikuwa wa miezi michache tu. Binti yao wa pekee alikuwa mbali, mwaka wa mwisho wa masomo ya upimaji ardhi, na mitihani ilikuwa imekaribia. Kasuku alitaka kumpigia simu arudi. Mkewe akamkataza.

"Akija, ataacha mitihani, na mimi sitapona kwa kuwa amekuja," alisema. "Amalize kwanza."

"Na ukiondoka kabla hajamaliza?"

"Basi utamwambia wewe ndiye hukumwita. Usinitaje mimi."

"Mke wangu, mtoto atanichukia."

"Atakukasirikia. Wewe utakuwepo, mtagombana, mtapatana. Akinikasirikia mimi, atagombana na nani? Na kaburi?" Alimshika mkono ule unaotetemeka. "Niahidi."

Akaahidi. Mkewe aliondoka siku mbili kabla ya mtihani wa mwisho. Binti alifika akakuta udongo umeshakauka juu ya kaburi. Alimuuliza baba yake swali moja tu, "Kwa nini hukuniita?" na Kasuku, mtu aliyejua kujibu kila kitu, akasema, "Sikuona sababu ya kukusumbua."

Maneno hayo ndiyo yaliyobaki kati yao. Binti alipata kazi mji mwingine, akapiga simu mara mbili kwa mwaka, na kila mara mazungumzo yalikwenda vilevile.

"Baba, sikusikii. Mbona unanong'ona?"

"Ni hili jitu la hapa mtaani, mama. Nilikueleza. Nikipaza sauti litakuja."

"Basi nenda mahali pengine upige."

"Huko nako yapo."

"Haya, Baba." Halafu, siku moja, binti aliongeza neno ambalo Kasuku alilibeba miaka: "Kunyamaza ulikujua hata kabla ya hilo jitu."

Hakuweza kumwambia mtu ukweli. Lakini wakati ule wa msiba alikuwa na kiumbe kimoja ambacho alilipwa kukisemesha, naye hakuwa na maneno mengine moyoni. Alilieleza jitu la tatu yote, siku baada ya siku: ugonjwa, ahadi, mazishi, uso wa binti yake mlangoni. Alimwiga hata mkewe, maana kinyozi huiga kila mtu. Wiki moja baada ya mazishi jitu lilifumbua macho, na kitu cha kwanza lilichokiona duniani kilikuwa mzee amekaa kwenye kiti, analia.

*

Barua ya kulilaza jitu la tatu ilikuja mvua za mwaka wa kumi na moja zilipokatika. Ngozi ilikuwa imeoza mabegani, goti la kushoto limeachia, na lango lilihitaji jitu jipya. Kisheria anayelilaza ni yule aliyeliamsha. Fundi Mkuu alimpa barua huku akimwangalia usoni.

"Una wasiwasi gani? Ulikuwa ukiliambia hadithi za sungura, au siyo?"

"Za sungura," Kasuku alisema.

Wiki nzima alitafuta njia ya kukwepa. Alifikiria kujifanya mgonjwa. Alifikiria kumwomba Fundi Mkuu, lakini kuomba kungekuwa ndiko kukiri. Alichofanikiwa ni kuwasihi watu wa mtaa wabaki ndani na wabebaji wangoje mbali. Mshonaji ndiye hakuweza kuepukwa. Kazi yake ilikuwa kufumua ngozi ya kifua na kushikilia mlango wa kiini.

Walianza saa nne asubuhi, jua likiwa kali. Mshonaji alipanda ngazi, akafumua mishono yake mwenyewe ya zamani, akigunaguna jinsi alivyokuwa akishona vibaya enzi hizo. Kasuku alisimama mbele ya jitu. Kwa miaka kumi na moja alipita hapo kila asubuhi na kila jioni, macho chini, midomo imebanwa. Sasa alitazama juu. Jitu lilikuwa limezeeka kuliko yeye.

Kulilaza kulihitaji maneno yaleyale ya kwanza ya siku ya kwanza. Aliyakumbuka. Yalikuwa maneno ya mtu aliyechelewa kazini.

"Samahani, nimechelewa," alisema kwa sauti yake yote. "Mke wangu hakulala."

Jitu liliinama. Shingo ililia kama mlango. Kisha kifuani, kutoka penye jiwe, ikatoka sauti, na sauti ilikuwa yake mwenyewe ya miaka kumi na moja nyuma, nzito kidogo, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Ilianza na mambo madogo. Huu mkasi. Hili birika. Leo kuna mawingu. Ikasimulia kisa cha mteja aliyesinzia akanyolewa nusu ndevu, na ikacheka, na Mshonaji juu ya ngazi akacheka pia. Kasuku alikuwa amesahau kwamba aliwahi kucheka hivyo.

Halafu ikaja zamu ya mengine. "Daktari kasema tumchukue nyumbani." "Leo kanywa uji vijiko viwili." Na kisha ile sauti ikabadilika, ikapanda, ikalainika, lilikuwa jitu linamwiga Kasuku akimwiga mkewe: "Wewe utakuwepo, mtagombana, mtapatana. Akinikasirikia mimi, atagombana na nani? Na kaburi?"

Mshonaji aliacha kucheka. Jitu liliendelea mpaka mwisho: mazishi, binti mlangoni, swali, jibu la uongo. Kasuku alisimama katikati ya barabara akisikiliza, kofia mkononi.

Hapo ndipo lilipopaswa kunyamaza. Alikuwa ameshawasaidia wenzake kulaza majitu yao, na alijua kwamba likishamwaga maneno ya chumbani, kiini hupoa. Lakini hili liliendelea, na sasa ulikuwa mnong'ono.

"Naongea, mama. Naongea. Hakuna mtu hapa, niko peke yangu." Na tena: "Usiku mwema, mke wangu. Leo sabuni imekwisha." Na tena: "Mkono unauma." Na tena: "Heri ya siku yako ya kuzaliwa, mwanangu. Simu yako haipokelewi."

Mnong'ono baada ya mnong'ono, miaka kumi na moja ya minong'ono aliyoitoa ndani ya nyumba, dirisha limefungwa, akiamini haisikiki. Ilisikika yote. Lilikuwa likisikia kila neno, na ingawa sauti ilikuwa ikilivuta, tangu ile siku ya tangi halikuondoka tena langoni.

"Ulikuwa unanisikia?" Kasuku aliuliza. "Siku zote hizo?"

Jitu lilimtazama. "Nani?" lilisema, kwa ile sauti yake ya kazi. Kisha, taratibu sana, "Pita." Rangi ya asali ikafifia ndani ya kifua, na Mshonaji akapeleka mkono, akaligusa jiwe.

"Limepoa," alisema.

Wabebaji walikuja na mkokoteni. Walipokuwa wakishusha mikono na miguu, Mshonaji alimkuta Kasuku amekaa kwenye ukingo wa mtaro, akakaa karibu yake, akijisugua udongo kwenye vidole.

"Mzee wangu, sitasema popote," alisema. "Mimi mdomo wangu nimeushona."

"Ahsante, dada."

"Lakini nikuulize. Mtoto anajua?"

"Niliahidi."

"Ulimwahidi mtu aliyetaka mgombane halafu mpatane." Alimgeukia. "Mlishagombana?"

Kasuku alifikiri. "Hapana," alisema mwishowe. "Hata kugombana hatukugombana."

"Basi nusu ya ahadi hujaitimiza bado."

Alisema hivyo, akajikung'uta sketi, akarudi kwenye mkokoteni kuhesabu ngozi zake.

*

Jitu jipya lingechukua wiki mbili kufika, na lilikuwa limeamshwa na mwanamke wa karakana nyingine. Kwa mara ya kwanza mtaani hapo hapakuwa na masikio yanayomjua Kasuku. Alifungua madirisha yote. Alikaa mezani, simu mbele yake, alasiri ile yote, na hakupiga. Alipiga kesho yake.

"Baba? Kuna nini?" Haikuwa kawaida yake kupiga siku ya kazi.

"Hakuna kitu. Nataka kukuambia jambo."

"Mungu wangu, mbona unapiga kelele!"

"Ndiyo sauti yangu, mama. Umeisahau."

Akamweleza. Hakupamba, yeye aliyepamba hata habari ya bati. Alisema mama alisema hivi, mimi nikasema hivi, nikaahidi, nikakudanganya.

"Kwa hiyo," binti alisema, "miaka yote hii nimemkasirikia mtu asiye na kosa."

"Kosa ninalo. Nilikubali."

"Ndiyo. Ulikubali." Sauti yake ilianza kupanda. "Mlikaa nyinyi wawili mkanipangia, kama mtoto wa miaka sita. Mtihani, Baba! Mtihani unarudiwa! Mtu harudiwi!" Aliendelea. Alisema mambo aliyoyaweka tangu siku ile mlangoni, mengine ya haki, mengine siyo, na baba yake akamjibu, naye akamjibu tena, na jirani wa pili akatoka uani kuangalia kuna ugomvi gani kwenye nyumba ya bubu. Mwishoni binti alikata simu bila kuaga.

Kasuku alikaa na simu mkononi. Koo lilikuwa likimwuma kwa kupaza sauti. Hakujua kama ameharibu au ametengeneza.

Siku tisa zilipita. Ya kumi simu ililia.

"Nina likizo ya siku mbili mwisho wa mwezi," binti alisema. "Nikija nitalala wapi?"

"Chumbani kwako."

"Kitanda bado kipo?"

"Kipo. Kina masanduku juu. Nitayatoa."

Alikuja. Haikuwa kama mtu anavyoota. Walikwenda kaburini wakakaa muda mrefu, na binti akalia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na Kasuku hakujua aweke wapi mikono yake. Waliporudi, binti alitazama ukuta wa jikoni kwa jicho lake la kazi, akatoa futi yake mkobani, akapima ufa uliokuwa ukipanda kutoka sakafuni.

"Huu ukuta unaondoka, Baba. Kila mwaka unaondoka kidogo."

"Sijauona."

"Utauonaje, unaishi nao?"

Akachora mstari kwa penseli mwisho wa ufa, akaandika tarehe, akamwambia amsomee umefika wapi kila Jumapili, kwa simu. Basi ikawa hivyo. Kila Jumapili Kasuku alipiga, akasoma ufa, wakaongea dakika kumi, wakati mwingine kumi na tano. Binti hakurudi mwaka ule. Alisema atakuja, kazi zikambana, na Kasuku hakumlaumu.

Siku sita zilizobaki za wiki zilikuwa zilezile. Mjini yalibaki majitu kumi na matatu, na aliyapita mdomo umefungwa. Nyumbani sasa angeweza kusema kwa sauti anayotaka, akajaribu. Alisema, "Leo nitapika maharage," na sauti ikagonga kuta ikamrudia, na hakukuwa na mtu wala kitu kilichokuwa kinasikiliza. Jitu jipya langoni halikugeuza hata shingo. Wiki ya kwanza aliongea kila jioni, kwa ubishi tu. Wiki ya pili akapunguza. Baadaye alianza kukaa barazani saa za jua kuzama, pembeni ya njia. Mtu akimpitia na kumsalimu alimjibu kwa sauti, akamuuliza habari za kazi, na wengi, wakishashtuka kwanza kwamba kumbe anasema, walisimama kidogo kabla ya kuendelea na safari yao.